Ukiwa na Laki Tatu Kariakoo: Swichi na Ruta za Mtumba za Kujifunzia CCNA

Ukilitaja neno Cisco katikati ya Kariakoo, bei hupanda kabla hujamaliza sentensi. Winga atakushika mkono, atakupandisha ngazi hadi kwa mtu ambaye naye hana mzigo, yule atampigia simu wa tatu, na swichi itakapoletwa ndani ya boksi la televisheni itakuwa imeshabeba cha juu cha watu watatu. Hata hivyo mzigo uko kule, na mwanafunzi mwenye mfuko mwembamba lazima apite kule. Basi apite akijua anachotafuta, herufi kwa herufi, namba kwa namba. Mimi herufi moja tu ilinila elfu themanini. Nitafika huko.

Kwanza hesabu. Mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, wenye namba 200-301, ni dola 300, na unafanyika kupitia Pearson VUE. Kwa shilingi ni zaidi ya laki saba, na ukifeli unalipa upya zote. Nimewaona vijana wenye raki nzuri chumbani, taa zinamweka usiku kucha, na mwaka wa pili sasa hawajaingia kwenye mtihani kwa sababu hela ya mtihani ndiyo hiyo iliyofungwa na skrubu kwenye raki. Kwa hiyo hapa nimeweka dari: laki tatu kwa vifaa vyote. Bei ninazozitaja ni zile ambazo mimi mwenyewe nisingezivuka. Muuzaji atataja zake, na hiyo ni haki yake.

Msimamo wangu ni mmoja na nitaurudia hadi uchoke: nunua swichi, ruta ikae ndani ya laptopu. Swichi huunganisha vifaa vya mtandao mmoja; ruta huunganisha mtandao na mtandao.

Kwa nini swichi

Mtihani wa sasa ulianza Februari 2020, ukafanyiwa marekebisho Agosti 2024 ukaitwa v1.1. Mgawanyo wake uko wazi: misingi ya mtandao asilimia 20, upande wa swichi, VLAN (kuigawa swichi moja kuwa mitandao kadhaa) na waya asilimia 20, uelekezaji wa IP asilimia 25, huduma kama NAT (kubadili anwani), DHCP (kugawa anwani) na NTP (kuweka saa sawa) asilimia 10, usalama asilimia 15, na otomatiki asilimia 10. Vitu vilivyokuwa vikiwalazimisha watu kununua ruta tatu na waya za siriali, yaani Frame Relay, PPP na kusanidi EIGRP, havimo tena. Lakini orodha za zamani bado zinazunguka kwenye simu za watu, na wauzaji bado wana "seti ya CCNA" yenye kadi za WIC-1T na waya nene za bluu. Usilipie hata mia. Waya ile leo haikufundishi chochote ambacho mtihani utakuuliza.

Sasa, karibu kila unachohitaji kufanya kwenye ruta kwa ngazi hii unaweza kukifanya kwenye Packet Tracer, simuleta ya kuiga mtandao kwenye kompyuta, ambayo ni bure ukijiandikisha Cisco Networking Academy. Njia za kudumu unazoziandika mwenyewe, OSPF ya eneo moja (ruta zikifundishana njia), NAT na ACL (orodha za kuruhusu na kuzuia trafiki) zote zinafanya kazi humo vizuri. Kama hujaimaliza Packet Tracer, usiende Kariakoo bado, maana utanunua kwa hisia.

Swichi ni habari nyingine. Unganisha swichi mbili za kweli kwa waya mbili, halafu tazama. Poti moja itabaki na taa ya rangi ya chungwa. Hiyo ni STP imeifunga ili trafiki isizunguke bila mwisho. Chomoa waya ule unaopitisha, kisha hesabu: kwa STP ya kawaida utasubiri kama sekunde 30 hadi taa ya pili iwe kijani. Andika `spanning-tree mode rapid-pvst` kwenye swichi zote mbili, rudia, na safari hii inageuka kabla hujanyanyua mkono. Kisha zifunge waya zote mbili kuwa EtherChannel, yaani zihesabiwe kama waya mmoja, kwa itifaki ya LACP, na taa zote zinakuwa kijani kwa pamoja. Nilisoma sura ya STP mara nne bila kuielewa. Nilipoziona zile taa, jioni moja ilitosha.

Na kuna mambo ambayo simuleta haiwezi kukupa: waya wa konsoli (ule wa kuunganisha laptopu na kifaa ili ukisanidi) usiosoma, nywila ambayo hakuna anayeikumbuka, feni inayolia, mdogo wako anayechomeka laptopu yake kwenye poti uliyowekea ulinzi, poti inajifunga, naye anakuita kulalamika kwamba umemharibia intaneti. Kazini ndiyo yanayokusubiri.

1. Catalyst 2960 mbili, zenye herufi L mwishoni

Hii ndiyo ya kwanza na sina mashaka nayo. Tafuta WS-C2960-24TT-L au WS-C2960-24TC-L. Zina poti 24 za megabiti 100 na mbili za gigabiti, na kwa kujifunzia kasi hiyo inatosha kabisa. Usikubali kuongezewa bei kwa sababu "hii ni giga".

Herufi ya mwisho ndiyo yenye pesa. L maana yake ni LAN Base. Kwenye 2960 ukiona S, kama WS-C2960-24-S, hiyo ni LAN Lite, ambayo imepunguzwa uwezo. Kwa nje zinafanana kama mapacha, na wauzaji wengi hawajui tofauti, kwa hiyo hapa hakuna wa kumlaumu ila macho yako.

LAN Base ina siri nzuri ambayo watu wengi hawaitumii. Ikiwa na IOS, yaani mfumo endeshi wa Cisco, toleo la 12.2(55)SE au jipya zaidi, unaweza kuandika `sdm prefer lanbase-routing`, ukaiwasha upya, ukaweka `ip routing`, na swichi ikaanza kupitisha trafiki kati ya VLAN na kukubali njia za kudumu hadi 16. Yaani kazi uliyodhani lazima ununulie ruta, swichi ya mtumba inaifanya. Inatosha kujifunzia sehemu kubwa ya ulichopanga.

Angalia pia jina la faili la IOS. Lazima liwe na k9 ndani yake, mfano `c2960-lanbasek9`. Bila k9 hakuna SSH, yaani kuingia kwenye swichi ukiwa mbali kwa usalama, na SSH iko kwenye mtihani. Cisco ilishaacha kuzihudumia swichi hizi, na kupakua IOS kwenye tovuti yao kunahitaji mkataba ambao wewe huna. Kwa hiyo unachokikuta ndani ya swichi siku ya kununua ndicho utakachoishi nacho.

Bei yangu ya mwisho ni elfu tisini kwa moja. Ukichukua mbili kwa mtu mmoja, nguvu ya kupatana inaongezeka. Na hapa nikupe ujanja: ulizia zilizofungwa kwa nywila. Wauzaji wengi huziona kama zimekufa na huzitupia chini ya meza. Wewe unashikilia kitufe cha Mode huku ukichomeka umeme, unasubiri hadi ioneshe `switch:`, unaandika `flash_init`, kisha `rename flash:config.text flash:config.zamani`, kisha `boot`. Inawaka kama mpya. Futa na `vlan.dat`, la sivyo utarithi VLAN za ofisi ya watu. Ila kama ina stika ya mali ya taasisi na muuzaji hana karatasi ya mnada wala risiti, iache. Bei nafuu ya mali ya wizi hulipwa kituoni.

Ukibahatika kukuta WS-C2960-8TC-L, ile ndogo ya poti 8, ongeza kidogo uichukue. Haina feni. Utanielewa tukifika kwenye wapangaji wenzako.

2. Memori ya laptopu

Najua ulikuja kusoma habari za swichi. Lakini shilingi elfu sitini inayofuata inafanya kazi kubwa zaidi ndani ya laptopu uliyonayo kuliko kwenye boksi lingine la chuma.

Sababu ni kwamba Packet Tracer ina ukomo. Amri nyingine haizijui. Hatua inayofuata ni CML, programu ya Cisco yenyewe inayoendesha IOS halisi. Ina toleo la bure linaloruhusu vifaa vitano kwa wakati mmoja, na vitano vinatosha: ruta tatu na swichi mbili. Toleo la kulipia la mtu binafsi ni dola 199 kwa mwaka, na kwa CCNA halihitajiki. Ila programu hii inakula memori. Ukiwa na GB 8 utahema. GB 16 ndipo mambo yanapoanza kukaa sawa.

Laptopu za mtumba zilizojaa Posta na Kariakoo, zile ThinkPad, Latitude na EliteBook zinazotoka maofisini Ulaya na Uarabuni, nyingi zinaongezeka memori. Kabla ya kununua chipu, fungua au tafuta modeli yako. ThinkPad T480 ina nafasi mbili za memori. T480s, ambayo ni nyembamba kidogo na muuzaji atakwambia "ni ileile", memori yake moja imechomelewa kwenye bodi na nafasi ni moja tu. Ingia pia kwenye BIOS uhakikishe uwezo wa kuendesha mashine pepe umewashwa. Mara nyingi umezimwa, na mtu hupoteza wiki akidhani programu ndiyo mbovu.

3. Catalyst 3560 moja, kama swichi ya tatu

Swichi tatu ndizo zinazokupa pembetatu, na pembetatu ndiyo STP inapoonekana ikichagua kiongozi. Ya tatu ikiwa 3560 unapata na uelekezaji kamili, si ule wa njia 16. Ukikuta IOS yenye `ipservicesk9`, OSPF utacheza nayo upendavyo.

Mambo mawili ya kukuepusha na kichwa kuuma. 3560 inajua ISL na dot1q, njia mbili za kuitia trafiki alama ya VLAN, kwa hiyo poti ya trunki (inayopitisha VLAN nyingi) itakataa hadi kwanza uandike `switchport trunk encapsulation dot1q`. 2960 haina amri hiyo kabisa kwa sababu inajua dot1q peke yake. Watu hurudisha swichi dukani kwa jambo hili. La pili, IPv6 haitaitika hadi uandike `sdm prefer dual-ipv4-and-ipv6 default` na kuiwasha upya.

Nisingevuka laki na ishirini. Kwa laki tatu haiingii pamoja na vile vya juu, kwa hiyo ingoje mshahara au boom lijalo. WS-C3560-8PC-S, yenye poti 8 na isiyo na feni (S ya 3560 si ile ya LAN Lite), ni tamu zaidi ukiipata. 3750 inafanya kazi zilezile na inaweza kuungana na wenzake kwa nyuma kuwa kitu kimoja, lakini kuungana huko hakupo kwenye mtihani wako, usikilipie.

4. Ruta 1941 au 1921

Kama moyo umekataa na lazima uwe na ruta ya kushika, chukua hii. Ina poti mbili za gigabiti, na IOS yake inafika 15.7. Leseni ya IP Base inayokuja nayo inatosha kwa OSPF, NAT, ACL na DHCP. Muuzaji akikwambia uongeze hela kwa sababu "ina leseni ya security", mshukuru umwache nayo. Ina hata tundu dogo la USB la konsoli, ingawa mimi bado natumia ule waya wa bluu mwepesi.

Moja inatosha. Iunganishe na swichi kwa waya mmoja, gawa poti kwa VLAN, na umepata zoezi ambalo kila mwalimu analipenda. Kwa ruta ya pili na ya tatu tumia laptopu. Laki moja na nusu ndiyo mwisho wangu, na nitaondoka taratibu ili niitwe.

5. MikroTik

Haitakusaidia kukariri amri za Cisco. Naiweka hapa kwa sababu ya tumbo. Zungukia Sinza, Mbagala au Tegeta uone vifaa vinavyosambaza intaneti ya mtaani na vocha za hotispoti. Vingi ni MikroTik, kampuni ya Latvia. Anayejua kuisanidi hupata vibarua akiwa bado anasoma. hAP lite ni ndogo kama kiganja na haili umeme. hEX ina poti tano za gigabiti na itakufikisha mbali zaidi. Hii ndiyo pekee kwenye orodha ambayo ningeshauri uilinganishe na bei ya mpya kabla ya kuchukua mtumba, maana tofauti inaweza kuwa ndogo. Cheti chao cha kwanza, MTCNA, hupatikana kwa kuhudhuria darasa na kufanya mtihani mwishoni mwa darasa hilo.

6. Ruta 1841

Ya kizamani, imara. Inaishia IOS 15.1(4)M. Kama mtu anakupa kwa elfu hamsini, ikiwa na faili lenye `adventerprisek9`, chukua. Zaidi ya hapo unanunua kumbukumbu za watu. Kadi ya flashi inachomeka kwa nyuma na huchomoka kirahisi, kwa hiyo chungulia kama bado ipo. Nimeona zikiuzwa tundu likiwa wazi.

Vya kukimbia

Sasa ile herufi. Nilikuwa mgeni wa mambo, nikakuta swichi safi imeandikwa Cisco Catalyst mbele, poti 24, bei nzuri. Nikalipa elfu themanini kwa lipa namba, nikapanda daladala ya Tabata nimeipakata kama mtoto. Nyumbani nikagundua ni WS-CE500, yaani Catalyst Express. Hiyo E moja maana yake huwezi kuisanidi kwa amri. Ni kurasa za kubofya tu. Muuzaji hakunidanganya, niliuliza "Cisco?" akajibu "Cisco", na Cisco ilikuwa kweli. Hadi leo inagawa intaneti kwa mama mdogo, inafanya kazi vizuri tu.

Kundi hilohilo lina SF na SG, mfano SG200, zilizotengenezwa kwa maduka na ofisi ndogo. Jina ni lile, IOS hakuna. Meraki, ambayo nayo ni ya Cisco, ni mtego mkubwa zaidi kwa sababu inapendeza: nyeupe, safi, mpya. Bila leseni ya kulipia kila muhula na bila akaunti ya mwenyewe kuiachia, ni kizuizi cha mlango.

2950 ni ya zama za IOS 12.1, na nyingi hazina SSH. Ruta za 2600 na 1700 ziache kwa wakusanya vyuma chakavu. 2811 inafanya kazi, lakini ukiiwasha utadhani jirani kafungua mashine ya kusaga. ASA 5505, kifaa cha ulinzi wa mtandao, ni ya somo jingine. Akses pointi zenye AIR-LAP au AIR-CAP zinahitaji kontrola ndipo ziamke. Somo la kontrola hiyo, WLC, lifanye kwenye Packet Tracer.

Dukani

Nenda na laptopu yenye PuTTY (programu ya kuiandikia swichi amri), waya wa konsoli, na waya mbili fupi za mtandao. Asiyekuruhusu kuwasha, mwage kwa heshima. Hakuna mjadala hapo.

Waya wa konsoli una kizaazaa chake. Nyingi za bei ya chini zina chipu ya kughushi ya Prolific, na Windows ya sasa inazigomea kwa ujumbe kwamba PL2303HXA imeondolewa tangu 2012. Ulizia yenye chipu ya FTDI. Ikikosekana, CH340 inafaa. Ijaribu hapohapo kwenye laptopu yako. PuTTY iwe 9600, biti 8, bila pariti, biti moja ya kusimama, na udhibiti wa mtiririko umezimwa. Hilo la mwisho watu hulisahau, kisha wanaona maandishi lakini wakiandika hakitokei kitu.

Kabla ya kuwasha, itikise kidogo. Skrubu iliyolegea ndani inasikika. Mende pia. Swichi iliyokaa miaka kwenye stoo ya hoteli ya pwani inaweza kuja na ukoo mzima, na kutu kwenye poti kwa ajili ya chumvi ya bahari. Chungulia poti zote kwa tochi ya simu. Pini zinatakiwa zing'ae na zikae sawa.

Iwashe. Taa ya SYST itapepesa kijani ikijipima, kisha itulie kijani. Ikitulia rangi ya chungwa, kuna ubovu, na hata ipunguzwe bei usichukue. Ikishawaka, `show version` ikuoneshe modeli kamili na jina la IOS, kwa sababu stika hubandikwa, lakini `show version` haibandikwi. Kisha chukua waya mfupi uunganishe poti ya 1 na ya 2, halafu 3 na 4, hadi 24. Kila jozi moja iwe kijani na nyingine ya chungwa. Ni STP inafanya kazi yake na inakupimia poti bure. `show interfaces status` itathibitisha. Muuzaji ataanza kuguna ukifika poti ya kumi. Mnunulie maji.

Ukiambiwa "hii ya Marekani, inataka transfoma", geuza usome nyuma. Pawa saplai zake ni volti 100 hadi 240. Kinachohitajika ni waya wa umeme wa kompyuta ya mezani wenye plagi yetu ya miguu mitatu.

Kuagiza nje? Bei ya kwenye eBay inatia hamu, lakini 2960 ya poti 24 ina uzito wa kilo tatu na nusu hivi. Piga hesabu ya wakala wa mizigo kwa kilo, weka VAT ya asilimia 18, utajikuta umerudi Kariakoo. Sehemu nzuri kuliko zote ni minada ya ofisi zinazohama au kubadili vifaa. Balozi, mashirika na kampuni hutangaza magazetini. Wanauza kwa mafungu, kwa hiyo jikusanyeni wanne.

LUKU na wapangaji

Tukadirie swichi mbili kwa wati 30 kila moja na ruta moja kwa wati 35. Jumla 95. Ukisoma saa tatu kila usiku, siku 26 za mwezi, ni kama uniti 7 na nusu. Kwa mtumiaji wa kawaida anayepata uniti 28 kwa elfu kumi, hiyo haifiki elfu tatu. Ukiziacha ziwake usiku na mchana mwezi mzima ni uniti 68. Na kama mita yenu iko kwenye ile bei ya chini yenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, umekaribia kuimaliza peke yako, na kila uniti inayozidi inakatwa kwa bei ya juu. Kwenye nyumba ya kupanga mnakochangia LUKU, hayo yatazungumzwa uani siku hiyohiyo. Waambie mapema, au ongeza mchango wako kabla hujaulizwa.

Feni nayo inasikika ukutani. Mimi nilikuwa naweka swichi juu ya taulo lililokunjwa, mtetemo unapungua, lakini hakikisha taulo halizibi matundu ya pembeni. Joto la Januari la Dar si la kuchezea. Umeme ukikatika, chomoa. Unaporudi hurudi kwa kishindo, na pawa saplai za miaka kumi na tano hazipendi kishindo.

Kikapu cha laki tatu

2960 mbili, laki moja na themanini. Memori, sitini. Waya wa konsoli, ishirini na tano. Waya fupi sita za mtandao, kumi na tano. Uliza kama ni shaba tupu, kwa sababu ile ya aluminiamu iliyopakwa shaba inakatika ukiikunja mara chache. Inabaki ishirini, ya bodaboda na maji ya muuzaji.

Ukifika nyumbani, kabla ya VLAN yoyote, hamishia IOS kwenye laptopu kwa TFTP, njia ya kuhamisha faili kupitia mtandao: `copy flash: tftp:`. Rafiki yangu mmoja alitaka "kuisafisha" swichi akaandika `format flash:`, na IOS ikaenda nayo. Njia iliyobaki ilikuwa kuirudisha kwa xmodem kupitia waya wa konsoli. Faili la MB 11, kwa kasi ya 9600, lilikula zaidi ya saa tatu, na lilipofika karibu na mwisho umeme ukakatika. Siku ya pili ndipo akajua kuwa ukiandika kwanza `set BAUD 115200`, na kubadili kasi kwenye PuTTY pia, kazi yote ni kama robo saa.